Kufuata Rejime

Mwaka jana nilitolewa uwanjani Bugarama juu ya baiskeli ya kubebea mchele. Sikuwa nimeumia, wala hakuna aliyenigusa. Ilikuwa dakika ya kumi na tisa, mpira ulikuwa upande wa pili kabisa wa uwanja, nami nilisimama kwenye nafasi yangu ya beki wa kushoto, mikono kiunoni, nikiutazama mchezo kama mtu anayetazama mvua dirishani. Kisha nyasi zikapanda hadi usoni pangu. Nilipofumbua macho niliona anga, usukani wa baiskeli, na wanaume wawili wa kinu cha mchele wakinisawazisha nyuma ya kiti kwa ustadi wa kazi yao ya kila siku.

"Hii gunia imejaa muzuri," mmoja alimwambia mwenzake.

Sababu ya kuanguka kwangu ninaijua, na ni ya kitaaluma. Sisi ni timu ya wazee wa Kamembe, maveterani kama tunavyojiita, na kila mwaka tunateremka kucheza na maveterani wa Bugarama. Kule ni tambarare yenye joto, mashamba ya mpunga pande zote. Sisi wa Kamembe, mji wa mpakani huko juu, tumezoea upepo wa ziwa. Nusu saa kabla ya mechi wenyeji walitupa wali wa shamba lao na samaki wa mawese. Wenzangu walionja kwa adabu. Mimi nilikula sahani mbili, na kabla ya ile ya pili nilitoa mhadhara mfupi. Nilikuwa nimesoma kwamba wakimbiaji hujaza wanga mwilini kabla ya mbio, ili misuli iwe na akiba. Nilichosahau kusoma ni kwamba wakimbiaji hao huanza kujaza siku kadhaa kabla, na mbele yao kuna kilomita arobaini na mbili. Mbele yangu kulikuwa na mita mia tatu hivi, nyingi zake za kurudi nyuma.

Mwaka mzima baada ya hapo, watu wa Kamembe waliponiona barabarani waliniuliza kama mchele ulifika.

Mwaka huu, mechi ilipokaribia, kapiteni wetu alisoma sheria mpya. Yeye ni muuza vipuri vya pikipiki, Mnyarwanda aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kama mimi, na akisoma kitu hukisoma kwa sauti ya mahakamani. Kila mchezaji aliyetimiza miaka hamsini alete karatasi ya muganga. Asiye na karatasi atasafiri na timu kama mtunza nguo, yaani atakaa kando ya rundo la suruali zetu akishika saa na simu. Kapiteni alisema ni kazi ya heshima. Alisema pia kwamba sheria ni ya wote, na wote wakainamisha vichwa wasinitazame.

Sikutaka kombe, na kwa kweli halipo. Nilitaka kuingia kwenye uwanja ule kwa miguu yangu na kutoka kwa miguu yangu. Kwa hiyo nikaenda kutafuta karatasi.

Muganga wa kituo chetu cha afya ni muuguzi, mama wa makamo mwenye maneno machache. Alinipandisha kwenye mizani: kilo tisini na saba. Akanipima presha, akaipima tena, akakitazama kipimo kana kwamba kimemtukana. Nikamweleza habari za wanga na akiba ya misuli. Alinisikiliza hadi mwisho, ishara mbaya kwa mgonjwa yeyote, kisha akaniambia nile vipi. Ugali usizidi ngumi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Maharage kila siku, sambaza, wale dagaa wa ziwani, wawe wa kuchemsha badala ya wa kukaanga, mafuta kijiko kimoja, chumvi kidogo kabisa. Maji kabla ya kiu. Kutembea haraka kila asubuhi. Na siku ya mazoezi, chakula kikubwa kiliwe saa tatu kabla, si nusu saa.

Nilimuuliza kama mtu anaweza kucheza mpira akiwa na njaa kiasi hicho.

"Papa, sikusema usikule," alisema. "Nilisema ukule sawa muntu mwenye atakimbia, hapana sawa muntu mwenye alishamaliza kukimbia. Ufuate rejime. Uko na wiki tisa. Ukifika kilo makumi tisa na mbili na presha ishuke, nitatia sahihi. Usipofika, utachunga masuruali."

Habari za masuruali zilikuwa zimemfikia kabla yangu. Kamembe ni mji mdogo.

Hapa inabidi nieleze neno moja, kwa sababu wiki tatu za maisha yangu zilipotelea ndani yake. Kifaransa kilitupa neno rejime mara mbili. Hospitalini rejime ni utaratibu wa kula. Sokoni, kwa watu wa Bukavu na wa upande wetu huu, rejime ni mkungu wa ndizi, mzima, pamoja na shina lake. Na Kiswahili, ili kisiachwe nyuma, kina kufuata mbili: kufuata amri, na kufuata kitu kilipo ili ukilete nyumbani, kama mtu anavyofuata maji kisimani. Chukua maneno hayo mawili, yaseme kwa sauti kwenye ua ambamo ameketi mfanyabiashara wa ndizi, uone.

Mfanyabiashara huyo ni mama mkwe wangu. Ni mzaliwa wa Bukavu, na kwa miaka mingi amevusha ndizi mpakani kwa kichwa, kwa mgongo na kwa maneno. Tangu magoti yaanze kumsumbua anakaa kwetu na kuongoza biashara akiwa uani, akiwa na mizani ya magunia upande mmoja na simu upande mwingine. Tunaheshimiana sana, kwa hiyo hatusemezani. Desturi yetu ni kwamba mkwe hambishii mama mkwe, hakatai chakula chake, na kumtazama usoni kwa muda mrefu ni aina ya ugomvi. Tukiwa na jambo la kuambiana, tunamwambia mke wangu, hata kama sote watatu tumeketi kwenye benchi moja.

Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba muganga amesema nifuate rejime. Mama mkwe alikuwa akichambua maharage. Hakuinua kichwa.

Kesho yake jioni mkungu wa ndizi ulikuwa unaning'inia katika stoo yetu. Ulikuwa mkungu wa kifahari, umetoka Giheke kwa baiskeli, vidole vyake vinene kama vya askofu. Sikuuwazia lolote, nyumba ya mfanyabiashara wa ndizi haikosi ndizi. Niliona tu kwamba nimewekewa sahani kubwa ya ndizi za kupika na maharage, na kwamba nikiimaliza inarudi. Siku ya tatu mama mkwe aliufungua moyo wake, kwa binti yake, mimi nikiwa umbali wa mkono mmoja.

"Muambie bokilo," alisema, na bokilo ndiye mimi, mkwe. "Muganga alisema afuate rejime. Hakufuata. Nikafuata miye, na haya magoti. Sasa anakula sawa muntu banalazimisha. Kama hataki kupona, aseme."

Nilimtazama mke wangu. Mke wangu alikuwa ameuficha uso wake kwenye kitenge, mabega yakitikisika. Nilimwomba afafanue. Alipopata pumzi alisema kwamba mwenye digrii nyumbani ni mimi, na kwamba hii ndiyo siku niliyosomea.

Basi nikafafanua, kupitia kwake. Mwambie Maman kwamba rejime ya muganga ni kula kidogo.

"Rejime ya kidogo," mama mkwe alirudia, akatikisa kichwa kama kwa mtu aliyeficha habari muhimu. "Si angesema."

Kesho yake ulifika mkungu wa kamaramasenge, zile ndizi ndogo tamu za kuliwa mbivu, ambazo mtu akizianza hajui alipozianzia. Nikafafanua tena. Mwambie Maman kwamba rejime ya muganga ni kali. Ndizi kali kwetu ni zile chungu zisizoliwa, za kutengenezea urwagwa, pombe ya ndizi. Alimuuliza binti yake ni muganga gani anayemtuma mtu wa presha kwenye pombe. Lakini wasomi wana mambo yao, na kufikia Ijumaa mkungu wa ndizi kali ulikuwa umeegemea ukuta wa stoo. Nikajaribu mara ya mwisho: mwambie ni rejime isiyo na chumvi.

"Ndizi ya chumvi alishaiona wapi?" aliuliza mama mkwe, na swali hilo mke wangu hakuona haja ya kunifikishia.

Nikanyamaza. Kila maelezo yangu yalikuwa yanazaa mkungu.

Kunyamaza nako hakukusaidia, kwa sababu habari ilikuwa imetoka nje ya ua. Kwetu mtu akiwa amelazwa hospitali ndugu na majirani humpelekea chakula, na mgonjwa anayejulikana anahitaji nini ni baraka kwa kila mtu, kwani watu huacha kukisia. Mimi nilikuwa mgonjwa wa rejime. Jirani wa kulia alileta rejime. Shemeji wa mke wangu alileta rejime. Wanawake wa ushirika wa mama mkwe walikuja sita pamoja, wamevaa kama wanaokwenda kwenye maombezi, wakaimba wimbo mmoja, wakaacha mikungu miwili. Nilitoka kuwashukuru nikiwa nimevaa raba, kwa sababu nilikuwa nataka kwenda kutembea, na mmoja wao akamwambia mwenzake kwamba kumbe bado anasimama.

Stoo ikajaa. Kisha, kwa kuwa ndizi hazijui mpango, zote zikaiva siku moja. Nyumba ilinukia kama harusi. Nilikula ndizi asubuhi kwa heshima, mchana kwa huruma, jioni kwa sababu zilikuwa karibu. Nilijipa moyo kwamba ndizi si adui, ina madini yanayosaidia misuli isikakamae, na jambo hilo ni kweli. Lakini misuli yangu haikuwa na nafasi ya kukakamaa. Nilikuwa nimekaa nakula ndizi.

Mwisho wa wiki ya tatu mama mkwe alitaka kujua dawa inafanyaje kazi. Aliagiza nipandishwe kwenye mizani yake ya magunia. Nilipanda, kwa sababu sikujua namna ya kumkatalia mtu ambaye sisemezani naye. Alilisukuma lile jiwe la chuma kwenye mkono wa mizani, akalirudisha kidogo, akalisukuma tena.

"Makumi tisa na kenda," alitangaza. Kilo tisini na tisa. Uso wake uling'aa. "Miye nilisema. Inaingia."

Usiku wa kuamkia Jumapili niliota rundo la suruali.

Jumapili hiyo, baada ya mazoezi, kapiteni alinipitia nyumbani kutazama maendeleo yangu. Nilimfungulia stoo ili aone kwa macho yake kwa nini sitapata karatasi. Nilitegemea huruma. Kapiteni alisimama mlangoni, macho yakienda mkungu kwa mkungu, kama mtu aliyefunguliwa chumba cha silaha.

"Kumbe weye uko unajipanga," alisema taratibu. "Na hausemi."

Alikuwa ameona kwenye televisheni wachezaji wakubwa wakila ndizi wakati wa mapumziko. Siku zote alijua kuna siri. Nilimweleza kwamba ndizi moja kabla ya mazoezi ni jambo zuri, lakini huu hapa si mpango, ni bahati mbaya ya lugha. Hakusikia sehemu ya pili. Siku iliyofuata timu nzima iliwekwa kwenye rejime kwa amri ya kapiteni. Wazee kumi na tisa wa Kamembe, wenye wajukuu na vyeo kanisani, walipanga foleni kwenye ua wangu wakatoka na ndizi mifukoni. Kipa wetu, mwalimu mkuu mstaafu, aliuliza kama zile kali nazo zina kazi yake. Kapiteni alisema kila kitu kina kazi yake, akampa kichane kizima, na wiki hiyo mwalimu mkuu hakuonekana mazoezini.

Lakini stoo iliisha. Hilo nitawashukuru maveterani maisha yangu yote. Kwa mara ya kwanza katika mwezi mmoja niliona ukuta.

Mama mkwe aliuona pia, na akatafsiri kwamba bokilo amemaliza dozi. Akaona ni adabu kwenda kumshukuru muganga. Alichagua mkungu mmoja mzuri kutoka Giheke, akambebesha mwendesha baiskeli, akavaa kitenge cha misa, na magoti yake yakampeleka kituo cha afya. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya kupimwa presha, kwa hiyo nilimwona akiingia, na nikaona mkungu ukiingia nyuma yake. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimsikia akisema asante kwa ile rejime, kwamba mukwe amekula zote na ameongezeka kilo mbili, na kwamba kama kuna rejime nyingine aambiwe yeye moja kwa moja, kwa sababu mukwe hafuati.

Kisha mlango ukafungwa.

Sijui walichoambiana. Wote wawili ni Wabashi, kabila la upande wa Bukavu, na kwa mlango uliofungwa nilisikia Kimashi, lugha yao, kikienda na kurudi kwa nusu saa, mara kikipanda, mara kikishuka. Kuna wakati nilimsikia muganga, yule wa maneno machache, akicheka hadi kukohoa. Mama mkwe hakucheka. Alitoka ameshika karatasi iliyoandikwa pande zote mbili, akanipita kwenye benchi bila kunitazama, na njia nzima ya kurudi alitembea mita tano mbele yangu. Nilijua nimemwaibisha. Mtu amefanya biashara ya rejime miaka arobaini, halafu anaambiwa na muuguzi kwamba hajui maana yake, na mkwe mwenye digrii alikuwepo muda wote akila.

Tulipofika nyumbani alimwita mke wangu.

"Muambie bokilo," alisema, "kesho anaanza upya."

Tangu siku hiyo niliishi chini ya ulinzi wa forodha. Mama mkwe hajawahi kupunjwa kwenye mizani na hakuwa na nia ya kuanza. Karatasi ya muganga ilibandikwa jikoni. Maharage yangu yalipimwa. Mafuta yalihesabiwa kwa kijiko, kijiko kikafutwa kwa kisu kiwe sawa. Rafiki yake wa kisiwa cha Nkombo, aliyekuwa akivuka kwa mtumbwi na sambaza waliovuliwa usiku, alipewa maagizo kwamba wa bokilo wasiguswe na mafuta, na aliwafikisha na uso wa mtu anayepeleka chakula gerezani. Walikuwa watamu. Nilishangaa mwenyewe. Sambaza wa kuchemsha na nyanya, ndimu na pilipili, mboga ya majani pembeni, ni chakula ambacho mtu anakula akabaki na nafsi yake.

Ugali ulileta mjadala. Karatasi ilisema usizidi ngumi, na mama mkwe alitaka kujua ngumi ya nani. Niliinyoosha yangu, nimeikaza kidogo kuliko kawaida, nakiri. Aliitazama kama anavyotazama mkungu uliolowekwa maji ili uwe mzito.

"Muambie bokilo, muganga hakuandika ya nani," alisema, akaweka kwenye sahani yangu ugali sawa na ngumi yake mwenyewe. Ana mikono midogo sana.

Asubuhi nilitembea hadi kwenye mteremko wa mpakani na kurudi, nikiwa na chupa ya maji. Wiki ya kwanza nilitembea nikiwaza chakula. Wiki ya tatu nilianza kuwaza mambo mengine, na hapo nikajua kitu kimebadilika. Suruali ilidai mkanda. Jumapili, saa tatu baada ya chakula cha mama mkwe, nilicheza kipindi kizima bila kutafuta kivuli. Wenzangu walisema ni ndizi.

Siku ya kupimwa mama mkwe alikuja nami. Hakuna aliyemwalika. Muganga alinipandisha kwenye mizani, nasi sote watatu tukainama. Tisini na tatu. Presha ilikuwa imeshuka vizuri, lakini kilo moja ilikuwa imebaki, na muganga akaweka kalamu mezani.

Mama mkwe alikohoa. Kisha, kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu, alisema nami bila mkalimani.

"Vua viatu."

Nikavua. Katika biashara, alimweleza muganga, mtu hauzi gunia, anauza kilichomo. Nikavua koti, mkanda, saa. Nikatoa funguo, simu, na kitabu cha maandishi yangu ambacho mama mkwe alikipima kwa mkono na kusema kumbe hata hii. Nilibaki na suruali niliyoishika kwa mkono mmoja. Mizani ilisema tisini na mbili na nusu.

"Nusu hiyo ni ya muteja," mama mkwe alisema. "Ni nyongeza. Kila muntu anatoa nyongeza."

Muganga alisema mwili wa mtu hauna nyongeza. Mama mkwe alisema hajaona kitu kisicho nayo. Walitazamana, na nikaona kwamba ningeweza kuvaa nikaondoka bila wao kugundua. Muganga alinigeukia, akaniuliza kama wiki hizi nimehisi kizunguzungu. Nilisema hapana. Kama nimepumua kwa shida. Hapana. Akafikiri. Alisema Bugarama ni joto, na kwamba yeye hawezi kumtilia mtu aliyewahi kuanguka sahihi ya kukimbia kwa hesabu za sokoni, kwa sababu akianguka tena hakutakuwa na nusu kilo ya kumrudishia mkewe. Alisema hayo kwa upole. Kisha akavuta karatasi, akaandika mstari mmoja, akapiga muhuri.

Iliandikwa: Anafaa kutembea.

Nilimpelekea kapiteni jioni ile, nikijua nitachunga nguo. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, akaigeuza kuona nyuma.

"Haikusema asitembee uwanjani," alisema hatimaye. "Iko na muhuri. Utacheza. Utatembea."

Hivyo nilishuka Bugarama nikiwa beki wa kushoto wa kutembea. Muganga alikuja nasi, kwa kuwa baada ya mwaka jana wenyeji walitaka pawe na mtu wa dawa, akakaa chini ya mwavuli kando ya mstari wangu. Chakula kilikuwa kimeombwa mapema, kiliwe saa tatu kabla ya mechi. Wenyeji walitandika wali uleule. Nilichota kiasi kidogo, na mzee aliyekuwa akinikaribisha akauliza kwa wasiwasi kama mchele wao haukunipendeza mara ya mwisho.

Maveterani tunacheza dakika thelathini na tano kila kipindi. Nilitembea kipindi chote cha kwanza. Nilitembea kwenda kwenye mpira na kutembea kurudi, niliwapungia wenzangu mkono waende wanapopaswa kwenda, nilikunywa maji kila mpira ulipotua kwenye mpunga. Wakati wa mapumziko nilimuuliza kipa wetu kama kutembea kwangu kunaiumiza timu. Alinitazama kwa mshangao. Alisema hakuona tofauti yoyote na miaka yote tuliyocheza pamoja.

Winga wa Bugarama niliyepaswa kumzuia alikuwa mwenye tumbo, mzee wa kanisa, naye pia akitembea. Tulitembea bega kwa bega kama watu wanaotoka ibadani. Lakini zikiwa zimebaki dakika tisa, matokeo yakiwa bao moja kila upande, mtu wao alipiga mpira mrefu nyuma yangu, na yule mzee wa kanisa akanisaliti. Alikimbia. Niliona mgongo wake ukienda, nikaona goli, nikamwona mwalimu mkuu akitoka langoni kwa namna ambayo haikuleta matumaini.

Nikakimbia.

Sikufikiri. Miguu ilikwenda yenyewe, myepesi, kama ya mtu ninayemfahamu kidogo. Nilimfikia winga kwenye kona ya kisanduku, nikaupiga mpira kwa nguvu zote, ukatoka nje, ukatua kwenye mpunga. Kisha nikageuka na kumwona muganga amefunga mwavuli wake na anaingia uwanjani.

Refa alisimamisha mchezo. Hakuna aliyempinga, alitembea kama mtu mwenye haki ya kupita. Alinishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake. Watu ishirini na mmoja walisimama wakingoja. Winga wangu, aliyeutoa mpira kwenye maji, aliushika juu ya kichwa tayari kurusha, matone yakimdondokea usoni, naye hakuyafuta. Nilisikiliza mapigo yangu kupitia vidole vya mtu mwingine. Niliwaza kuhusu kizunguzungu, nikakitafuta, sikukipata.

"Iko inapiga sawa ya muntu mwenye anakimbia," alisema.

"Nilikuwa nakimbia, muganga."

"Niliona." Aliendelea kushika mkono wangu kitambo kidogo, akihesabu bado, kisha akauachia. "Inashuka muzuri. Sasa tembea."

Alirudi kwenye mstari, akafungua mwavuli. Winga alirusha. Kutokana na mpira huo, ambao mimi ndiye niliyeutoa nje, walitufunga goli la pili, kwa kichwa, juu ya mtu ambaye hakuwa mimi. Dakika chache baadaye refa alipuliza filimbi, tukapeana mikono na kila mtu wa Bugarama, nami nikatoka uwanjani polepole, kwa miguu yangu, nikaenda kuitafuta suruali yangu kwenye rundo.